Kabla hujamwaga ndoo mtaroni: jinsi ya kuitambua mimea ya tangi la samaki



Najua wengi mlikuwa mnasubiri sehemu ya pili ya somo la mboji. Itakuja wiki ijayo, inshallah. Nimeisogeza mbele kwa sababu ya ndoo moja.

Jumamosi asubuhi kijana mmoja wa Ng'ambo alinijia hapa Kizimbani na vespa yake, ndoo ya lita 20 ameibana katikati ya miguu. Ana tangi la kioo la samaki wa mapambo dukani kwake. Akanambia, "Bwana shamba, mimi mimea yangu mengine inakufa, mengine inanishinda kwa kuota. Muuzaji ananiambia majina, lakini kila muuzaji ana jina lake. Nataka unambie hii ni nini."

Nikacheka kidogo. Kazi yangu mimi ni mpunga, muhogo, migomba na viungo. Lakini nilipochungulia ndoo nikaacha kucheka. Nikamuuliza, "Ile inayokushinda kuota, ukiipunguza unaipeleka wapi?"

"Naipeleka kwa bibi yangu. Ana makonde ya mpunga bondeni. Namwaga kwenye mtaro pale, nikaona bora iote kuliko kuitupa jaani."

Hapo ndipo hadithi ikawa ya kilimo.

Kwa nini mkulima ajali tangi la mtu wa mjini

Mtaona huyu bwana shamba leo kaishiwa. Samaki wa mapambo na sisi wapi na wapi? Sikilizeni.

Ziwa Victoria mnalijua. Magugu maji yale yenye maua ya zambarau asili yake ni Amerika ya Kusini, na watu waliyasambaza duniani kwa sababu ya uzuri wa ua tu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 yalionekana Ziwa Victoria. Miaka ya 1990 yalifunga bandari, mashua zikashindwa kutoka, wavuvi wa Mwanza, Kisumu na upande wa Uganda wakakaa na nyavu zao majumbani. Ikabidi waletwe wadudu maalumu wa jamii ya fukusi, wanaoitwa Neochetina, wayale. Kenya, Ziwa Naivasha, nako kulivamiwa na kangaga linaloelea liitwalo Salvinia molesta, asili yake Brazil. Na Marekani, jimbo la Florida, mmea uitwao Hydrilla uliingia miaka ya 1950 kwa njia ya biashara ya mimea ya matangi ya samaki. Hadi leo wanaupiga vita.

Sasa piga hesabu na mimi. Chukua mmea unaoelea ambao kila wiki mbili unakuwa mara mbili, jambo la kawaida kabisa kwa magugu maji kwenye joto letu. Mmoja leo. Wiki ya 12 ni 64. Wiki ya 24 ni 4,096. Hiyo ni miezi sita isiyotimia, na mtaro wa konde hauna upana wa Ziwa Victoria.

Na niseme na langu, maana sipendi kujifanya mjuzi. Miaka ya nyuma mkulima mmoja alinitumia picha ya simu, majani madogo ya kijani yanaelea kwenye beseni. Aliletewa na jamaa yake mwenye tangi la samaki. Akaniuliza, "Hii ndiyo ile azola uliyotufundisha?" Nilikuwa njiani, jua kali, kioo cha simu hakionekani vizuri. Nikamjibu, "Ndiyo, weka." Haikuwa azola. Ilikuwa Salvinia. Baada ya mwezi na kidogo vikataa vyake viwili vilikuwa vimefunikwa, miche ya mpunga haioni maji. Tuliitoa kwa tenga na kwa mikono, mimi na yeye na watoto wake, siku kwa siku, mpaka ikaisha. Hakunilaumu, lakini mimi najua nilimpotezea nini msimu ule. Tangu siku hiyo siutaji jina mmea wa majini kabla sijaushika.

Vifaa: havizidi vya jikoni

Chukua bakuli jeupe au sinia jeupe lenye kina. Tia maji safi. Mmea wa majini ukiutoa nje unajikunja na kushikana kama nywele zilizolowa, hutaona kitu. Ukiurudisha kwenye maji ndani ya chombo cheupe unajifungua wenyewe. Ukiwa na lenzi ya kukuzia ni bora zaidi. Huna, tumia kamera ya simu, vuta picha karibu.

Kisha jiulize maswali haya kwa mpangilio huu. Usiruke.

1. Unaelea juu, umezama wote, au mizizi iko chini na majani yako juu?
2. Una shina lenye vifundo, au majani yote yanatoka sehemu moja chini kama vitunguu?
3. Kama una shina, kila kifundo kina majani mangapi? Yahesabu, usikisie.
4. Jani ni zima au limechanika? Ukingo wake ni laini au una meno?
5. Mizizi iko wapi, na je, kuna viazi vidogo au shina nene linalolala?

Rangi na ukubwa usivitegemee. Mmea ule ule kwenye mwanga mkali unakuwa mwekundu na mfupi, kwenye kivuli unakuwa kijani na mrefu. Hapo ndipo wauzaji wanapotuuzia mmea mmoja kwa majina matatu.

Tuifungue ndoo

*Wa kwanza: utepe.* Majani marefu kama utepe, yote yanatoka chini, na kutoka shinani kuna kamba inayotambaa ikazaa mtoto pembeni, na mtoto akatoa kamba yake. Pitisha kidole ukingoni karibu na ncha ya jani, utahisi vijimeno vidogo. Huyu ni Vallisneria. Anapatikana Afrika pia. Hapendi kuhamishwahamishwa, lakini maji yenye chokaa hayamsumbui, kwa hiyo ndugu zangu wa maeneo ya uwanda na mawe, wenye visima vya maji magumu, huyu ndiye wenu. Ukimpanda usimzike shingo. Mizizi iwe chini, shingo nyeupe iwe juu ya mchanga.

*Wa pili: kangaga lenye "ukoma".* Kijana alitaka kulitupa. "Limeugua hili, bwana shamba, lina madoa meusi nyuma ya jani." Nikaligeuza. Madoa yalikuwa yamepangika kwa nafasi, yamevimba kidogo, na kwenye ncha ya jani moja kulikuwa na mmea mdogo mzima na vizizi vyake. Hilo ni kangaga la Java, asili yake Asia ya kusini-mashariki. Yale madoa ni mahali pa spora, yaani mbegu zake zilizo kama vumbi. Kangaga lolote la shambani ukiligeuza utaona kitu kama hicho hicho. Halijaugua, linazaa. Kosa lake kijana lilikuwa jingine: alikuwa amelizika shina lake nene kwenye mchanga. Shina lile linaoza likizikwa. Lifunge kwa uzi kwenye jiwe au kipande cha mti, lishike lenyewe. Hukumu ni hiyo hiyo kwa Anubias wa Afrika Magharibi, mwenye majani magumu ya kijani kilichokolea: mizizi ishuke, shina lisizikwe.

*Wa tatu: mgeni wa nchi kavu.* Fimbo ya kijani yenye majani machache, chini imeshakuwa ute na inanuka. Aliuziwa kama mwanzi wa majini. Si mwanzi na si wa majini. Ni Dracaena, mmea wa misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati. Mizizi yake inakubali maji, lakini ukiuzamisha wote unakufa polepole na kuchafua maji ya samaki.

Hapa kuna kipimo ambacho kitakuokolea fedha. Utoe mmea kwenye maji uushike kwa chini. Mmea uliozoea kuishi umezama hauna haja ya mifupa, maji ndiyo yanaubeba, kwa hiyo ukiutoa unalala kama kitambaa. Ukisimama wima wenyewe, na jani lake lina nta inayong'aa na kuteleza maji, utilie shaka. Kangaga la Java na Anubias ni wagumu kwa asili yao, hao uwasamehe. Na kuna mimea ya majini kweli iliyokuzwa nje ya maji kabla ya kuuzwa. Hiyo ukiizamisha itapukutisha majani ya zamani na kutoa mapya yenye sura nyingine. Basi usiitupe kwa haraka. Angalia ncha. Ncha ikitoa jani jipya, mmea uko hai. Ncha ikilainika na kuwa nyeusi, toa.

*Wa nne: mkia wa paka.* Huyu hakununua, alimchota kwenye ziwa moja njiani. Majani membamba yamezunguka shina kama mkia, ukishika yanakwaruza, na hana mzizi hata mmoja. Hesabu matawi ya jani: kila jani linagawanyika kama uma, mara moja au mbili. Ni Ceratophyllum. Anafanana na wengine, na hapa ndipo watu hupotea. Jani likiwa limechanika kama unyoya wa kuku, mshipa mmoja katikati na nyuzi huku na huku, ni Myriophyllum. Jani likiwa kama feni iliyofunguliwa na yamekaa mawili mawili yakitazamana, ni Cabomba. Mafeni yale yale lakini yamezunguka shina pande zote, ni Limnophila.

*Wa tano: yule anayeshinda.* Shina jembamba refu, majani madogo mazima yamezunguka kila kifundo kama pete. Muuzaji alimwambia ni elodea. Nikamwambia kijana, hebu hesabu mwenyewe.

Akahesabu. "Matano. Hiki matano. Hiki sita."

Elodea ya kweli, ya Amerika ya Kaskazini, ina majani 3 kwa kila kifundo. Ndugu yake Egeria wa Amerika ya Kusini ana 4 au 5, marefu zaidi, na meno yake huyaoni bila lenzi. Hydrilla mara nyingi ana 5, lakini anaweza kuwa na 4 hadi 8, na meno ya ukingoni unayaona kwa macho na kuyahisi kwa kidole. Mshipa wa chini ya jani nao mara nyingi una miiba midogo. Nikavuta mizizi iliyokuwa imekamatana na tope chini ya ndoo, nikakipata kiazi chenyewe, kidogo kuliko punje ya mahindi. Hapo shaka ikaniisha. Elodea na Egeria hawana viazi. Hydrilla anavyo, na kiazi kile kinaweza kulala kwenye tope miaka kadhaa kikisubiri maji.

Sikupenda kukiona kile kiazi.

Wanaoelea: usichanganye rafiki na adui

Kabla sijaendelea na mtaro, niwapeni hawa, maana ndio mnaoniuliza zaidi kwa ajili ya bata, kuku na mpunga.

Azola ni kangaga dogo sana. Majani yake ni kama magamba yaliyopandana, sura ya kijitawi cha mvinje kilichobanwa. Kwenye jua kali hugeuka nyekundu. Ndani yake huishi kiumbe kidogo kinachovuta nitrojeni ya hewani, ndiyo maana wakulima wa mpunga wa Asia wamelitumia kama mbolea kwa karne nyingi. Rafiki huyo, ila naye akae mahali ulipopanga.

Lemna ni vijani vya duara, kama vidonge, kila kijani kina kizizi kimoja kinachoning'inia. Vikiwa vikubwa kidogo, chini vyekundu, na vina vizizi vingi kwa pamoja, ni Spirodela. Visipokuwa na mzizi kabisa na vinafanana na chenga za mchele zilizotiwa rangi ya kijani, ni Wolffia. Bata wanazipenda zote.

Salvinia, adui yangu, ana majani mawili mawili, na uso wa jani umejaa nywele. Chukua lenzi: kwa Salvinia molesta nywele zile zinagawanyika juu halafu zinakutana tena kwenye ncha, kama kile kifaa cha waya cha kupigia mayai. Tone la maji likidondoka juu yake linakaa kama shanga. Azola haina nywele za namna hiyo.

Pistia anafanana na saladi, majani mepesi ya mahameli, mishipa imenyooka toka chini hadi juu. Na magugu maji yana jani linalong'aa lenye shingo iliyovimba. Ukiikata ndani ni sponji.

Yungiyungi lenye jina letu

Kijana alikuwa pia na kitunguu cheusi kilichoanza kutoa vijani vyekundu. Yungiyungi. Basi nikampa hadithi, nanyi nawapa.

Miaka ya 1870 mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, Robert Caspary, aliliandika yungiyungi la hapa kwetu kwa jina la Nymphaea zanzibariensis. Siku hizi wataalamu wanalihesabu kama aina ya Nymphaea nouchali, lakini jina la Zanzibar limebaki ndani yake, na wapenda bustani za maji huko nje wanalijua kwa jina hilo. Ua lake la buluu inayoelekea zambarau linasimama juu ya maji na hufunguka mchana. Mwenzake Nymphaea lotus ana ua jeupe linalofunguka usiku na kufumba jua likipanda, na nyuma ya jani lake mishipa imetuna sana.

Na msilichanganye yungiyungi na lotus wa Asia. Jani la yungiyungi lina mpasuko hadi kwenye kikonyo. La lotus ni duara zima, kikonyo kiko katikati, na linasimama juu kama mwavuli. Watu wanaagiza mbegu kutoka mbali kwa bei kubwa, na lenye jina letu linaota kwenye maziwa yetu bila kuulizwa.

Jambo la afya, tafadhali msiruke hapa

Nilimuuliza kijana, "Ule mkia wa paka uliuchota vipi?"

"Niliingia mpaka magotini."

Ndugu zangu, Unguja na Pemba tuna kichocho cha mkojo. Vimelea vyake hukulia ndani ya konokono wa maji baridi aitwaye Bulinus globosus, na konokono huyo anapenda kukaa kwenye mimea ya majini, hasa kwenye madimbwi na mitaro ya maji yanayokwenda polepole. Vimelea hutoka kwa wingi jua likiwa kali, na huingia mwilini kwa kupita kwenye ngozi. Huhitaji kunywa maji, kusimama tu kunatosha. Tangu mwaka 2012 Zanzibar imefanya kazi kubwa ya kuutokomeza ugonjwa huu kwa dawa, elimu na kuua konokono, na umepungua sana, lakini haujaisha.

Kwa hiyo: usiingie majini kuchota mimea. Tumia mti wenye ndoano ukiwa nchi kavu, na vaa mabuti ya mpira na glavu. Mmea ukishaupata, utazame chini ya kila jani. Konokono yeyote na ute wowote wenye mayai, toa. Gamba la Bulinus ukilishika ncha juu na mdomo ukikutazama, mdomo uko kushoto. Lakini konokono mmoja wa kawaida wa matangini naye mdomo wake uko kushoto, basi usicheze bahati nasibu: ukiona kushoto, ondoa. Weka mmea kwenye ndoo yake peke yake kwa wiki mbili au tatu, kila ukiona konokono mtoe, na maji yale usiyatie mkono mtupu. Vimelea nje ya konokono havivuki siku mbili hivi, tatizo ni konokono akibaki.

Na ukiona damu kwenye mkojo, wewe au mtoto, nenda kituo cha afya. Dawa ya prazikwanteli ipo na inatibu.

Tukaenda kwa bibi

Hatukungoja Jumatatu. Tukapanda vespa mimi na kijana mpaka bondeni. Bibi yake tulimkuta anapalilia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na mjukuu wangu, kafanya nini?"

Nikamwonesha tawi la Hydrilla. Hakulihesabu majani wala hakutaka lenzi. Alilipitisha kati ya vidole viwili mara moja tu.

"Hili linakwaruza. Hili si la hapa. Mimi napalilia bonde hili tangu sijaolewa, majani yake yote nayajua, hata yale nisiyoyajua jina. Hili limekuja baada ya vuli. Nimeshaling'oa mara mbili pale kwenye kona, nikajiuliza nani kaniletea."

Mjukuu akatazama chini.

Mimi nilikuja na lenzi na majina ya Kilatini, na kazi ya utambuzi ilikuwa imeshafanywa na mtu ambaye hajui kusoma jina la mmea hata mmoja. Alijua kilicho chake, kwa hiyo kisicho chake kilijionesha. Niliwaza kuhusu ile picha ya simu niliyoijibu njiani. Lau ningemuuliza yule mkulima, "Hii ulishawahi kuiona bondeni kwenu?" tungeokoa msimu.

Tulifunga maji ya mtaro juu na chini kwa magunia ya mchanga, tukavaa mabuti, tukatoa kila shina na tope lake kwa kina cha koleo moja kwa sababu ya vile viazi. Hydrilla ukimkata vipande, kila kipande chenye vifundo kinaweza kuwa mmea mpya, kwa hiyo panga na majembe ya kukatakata tuliyaweka kando. Tulianika kila kitu juu ya turubai juani, mbali na maji, mpaka kikawa kama tumbaku, ndipo tukachoma. Tope tulilifukia mahali pakavu.

Nimerudi mara mbili. Mara ya kwanza tulikuta mashina mawili mapya, mara ya pili moja. Bibi anapita kila asubuhi kabla ya kuinama kupalilia, na mjukuu anakuja kila Ijumaa baada ya sala. Nitaendelea kupita nao hata mwakani, maana kiazi hakina haraka.

Ukipunguza mimea ya tangi lako

- Usimwage ziwani, mtoni, mtaroni wala chooni. Hata maji ya kusafishia tangi, yamwage juu ya udongo mkavu, kwenye mgomba au mnazi, mbali na mtaro.
- Mimea ya ziada ianike juani mpaka ikatike kwa mkono, ndipo uitie kwenye mboji. Yenye viazi au mbegu, choma.
- Ukimpa mwenzako mmea, mpe na jina lake na onyo lake.
- Ukiuziwa jina bila maelezo, hesabu majani mbele ya muuzaji. Hakuna anayekasirika kwa kuhesabiwa.
- Hydrilla, Salvinia, Pistia na magugu maji msivitunze kabisa. Vallisneria, kangaga la Java na Anubias vinatosha kupendeza tangi lolote, na yungiyungi letu kwa mwenye bwawa.

Ukitaka nikusaidie kutambua, nitumie picha nne: mmea mzima ndani ya bakuli jeupe lenye maji, kifundo kimoja kwa karibu, jani moja mbele na nyuma, na mizizi. Weka sarafu pembeni nipate kujua ukubwa, na andika umeutoa wapi. Picha moja ya kwenye tangi, samaki wanapita mbele, sitaijibu. Utanisamehe, nimeshaeleza kwa nini.

Kijana tangi lake sasa lina aina tatu tu, na ndoo ile kaiacha kwa bibi yake, anachotea maji ya mbogamboga.

Wiki ijayo, inshallah, mboji sehemu ya pili. Wabillahi tawfiq.